Tathmini: Programu ya Kusoma kwa Kasi na Ukurasa Mtupu Uliofichwa Ndani Yake

Kwa muda wa wiki nane nimekuwa nikitumia programu ya simu inayoahidi kumwezesha mtu kusoma vitabu kwa kasi mara tatu ya ile aliyoizoea bila kupungukiwa na ufahamu, na kwa kuwa jamaa kadhaa wamekwisha kuniuliza kama inafaa, nimeona heri niandike tathmini kamili mara moja kuliko kumjibu kila mmoja nusu nusu. Jina lake sitalitaja. Kabla yake nilijaribu nyingine mbili za aina hiyo, zote zimeundwa kwa mtindo mmoja, na kasoro nitakazozieleza hazitokani na uzembe wa kampuni fulani bali na wazo ambalo biashara yote hii imejengwa juu yake: kwamba kusoma ni kazi ya macho, na kwamba macho yakizoezwa kukimbia, akili itafuata nyuma bila kinyongo. Biashara yenyewe si ngeni. Huko Marekani, Evelyn Wood alianzisha mafunzo yake ya usomaji wa kasi mwaka 1959, na tangu hapo kilichobadilika zaidi ni chombo, kutoka darasani hadi kwenye kioo cha simu.

Nilijiunga kwa sababu ambayo wasomaji wengi wataitambua. Vitabu nilivyovianza vilikuwa vimezidi nilivyovimaliza, na hata vile nilivyovimaliza, nilipoulizwa vinasema nini, nilijikuta nikitaja jalada, jina la mwandishi na hisia ya jumla kwamba kitabu kilikuwa kizuri. Nilidhani ugonjwa wangu ni mwendo wa polepole. Programu ilikubaliana nami papo hapo: ilinipa kifungu cha kusoma, ikahesabu muda, kisha ikanionyesha kwa rangi nyekundu kwamba nasoma maneno 210 kwa dakika, kana kwamba imenipima homa. Baadaye nilikuja kujua kwamba Marc Brysbaert, katika uchambuzi alioutoa mwaka 2019 baada ya kukusanya matokeo ya tafiti 190, alikadiria kwamba mtu mzima anayesoma Kiingereza kimyakimya husoma wastani wa maneno 238 kwa dakika katika maandishi yasiyo ya kubuni. Maneno 210 ya Kiswahili, kwa hiyo, hayakuwa aibu hata kidogo, na sababu yake nitaieleza punde, kwa kuwa ndiyo iliyonifungua macho.

Mazoezi yenyewe huendeshwa hivi: maandishi hayaonyeshwi kama ukurasa, bali neno moja humulikwa katikati ya kioo, likatoweka, likaja jingine mahali palepale, ili jicho lisihangaike kuutafuta mstari. Unaanza na maneno 250 kwa dakika, na kila baada ya siku chache programu inaongeza. Sina budi kukiri kwamba siku za mwanzo nilifurahi mno. Kufikia wiki ya pili nilikuwa kwenye maneno 500, yaani kila neno lilikaa mbele yangu kwa sekunde 0.12 tu, na nilijihisi kama mtu anayeteremka mlima kwa baiskeli isiyo na breki, bado yuko katika ile sehemu ambayo upepo unapendeza.

Mafunzo yanayoambatana na mazoezi hayo yanaeleza kwamba kurudisha macho nyuma kwenye maneno uliyokwisha kuyapita ni tabia mbaya iliyobaki tangu utotoni, na kwamba programu inakuponya kwa kukunyima nafasi ya kurudi. Dai hili ndilo ninalolipinga kwa nguvu zaidi. Jicho la msomaji haliteremki juu ya mstari kama maji. Huruka kutoka kituo hadi kituo, na katika kila kituo hutulia kwa takriban robo ya sekunde. Sehemu ya jicho inayoziona herufi kwa uwazi kamili ni ndogo, inafunika eneo linalokaribia upana wa kidole gumba ukiwa umeunyoosha mkono, na ndiyo maana ahadi nyingine ya programu hii, ya kukufundisha kuumeza ukurasa mzima kwa mtazamo mmoja, haina mguu wa kusimamia. Hata kwa wasomaji hodari, mruko mmoja katika kila kumi, au zaidi kidogo, hurudi nyuma, na mara nyingi hurudi kwa sababu sentensi imegeuka kinyume na ilivyotarajiwa. Keith Rayner, aliyetumia sehemu kubwa ya maisha yake kupima mienendo ya macho ya wasomaji, pamoja na wenzake, walizipitia tafiti za usomaji wa kasi katika makala iliyochapishwa mwaka 2016, na hitimisho lao halikuwa na utata: kasi ikipandishwa mno, ufahamu hushuka. Mtu anayekwenda mbio sana kwa kawaida anaruka sehemu, na kuruka kuna faida yake, lakini kuna jina lake pia, nalo ni kupekua.

Sasa nieleze yaliyonikuta. Kitabu nilichokipakia kilikuwa cha Kiswahili, kinahusu usugu wa vimelea dhidi ya dawa, na sura ya sita ndiyo iliyobeba hoja yake kuu. Ni sura ya kurasa 23. Niliimaliza kwa dakika 14, na mwishoni programu ikanipa jaribio lake la maswali kumi ya kuchagua jibu, ambayo huyatunga yenyewe kwa kunyofoa sentensi kutoka katika matini na kuacha pengo. Nilipata tisa. Nilijua kwamba Alexander Fleming aligundua penisilini mwaka 1928; nilijua kwamba mwaka 1945, katika hotuba yake ya Tuzo ya Nobel, alikuwa amekwisha kutahadharisha kuhusu hatari ya kutumia dawa hiyo kwa kiasi pungufu. Programu ikanipigia makofi ya sauti na kunipa nyota.

Siku nane baadaye nilikuwa nikizungumza na dada yangu, ambaye ni muuguzi, nikamweleza kwa kujiamini kwamba dawa ikitumiwa ovyo, vimelea huizoea.

“Huizoea vipi, kaka?” akaniuliza. “Kimelea kilekile ndicho kinachojifunza, au?”

Nikajibu kwamba ndiyo, kinajifunza, kwa kuwa kitabu kimesema hivyo.

Akanyamaza kidogo, kisha akasema kwa upole ule unaoumiza kuliko ukali, “Hebu kakisome tena, kaka yangu.”

Nilikifungua usiku uleule kwa lengo la kumwonyesha ukurasa. Sentensi niliyoitafuta ilikuwepo, na ilisema hivi: “Dawa haivifundishi vimelea kuihimili, hubakiza vile vilivyokuwa na uwezo huo tangu mwanzo.” Nilikuwa nimeielewa kinyume kabisa. Sikuwa nimesahau, maana mtu aliyesahau hujua kwamba hajui, ilhali mimi nilikuwa nimebeba uongo kwa uhakika wa nyota tano.

Nikaitazama sentensi ile kwa muda mrefu kuliko nilivyoitazama sura nzima. Katika neno “haivifundishi” yamefungwa mambo manne, yaani ukanushi, dawa, vimelea na tendo la kufundisha, na Kiingereza kingehitaji maneno manne au matano kuyasema hayo. Ukanushi wenyewe umekaa katika silabi moja ya mwanzo na irabu moja ya mwisho. Neno hilo lilipomulikwa kwa sekunde 0.12, jicho langu lilidaka mzizi wake, “fundish”, likaona na “vimelea” inafuata, na akili ikajijazia iliyobaki kwa kile ilichokwisha kukiamini tangu zamani. Kiswahili kimejaa mitego ya namna hii: “anayejua” na “asiyejua” hutofautiana kwa silabi moja iliyojificha katikati ya neno, na “wangemwambia” si sawa na “wasingemwambia” hata kama yote mawili yanamhusu mtu yuleyule na habari ileile. Programu inayohesabu maneno bila kujali neno limebeba mzigo kiasi gani inampima msomaji wa Kiswahili kwa kipimo kilichokatwa kwa mwili wa mwingine. Niliwaandikia watengenezaji kuhusu jambo hilo, nikajibiwa kwamba lugha yangu “inatumika kikamilifu”, na kweli, menyu zote zimetafsiriwa.

Jaribio la maswali kumi lilinisumbua zaidi ya kasi, kwa sababu ndilo lililonipa kiburi. Linatolewa dakika moja baada ya kusoma, wakati maneno yangali na joto, na linakutaka utambue jibu badala ya kulitoa mwenyewe. Mwaka 2006, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walichapisha majaribio ambamo wanafunzi walisoma vifungu vifupi. Baadhi wakavisoma tena, wengine wakafunika na kuandika walichokikumbuka. Walipopimwa baada ya dakika tano, waliorudia kusoma waliongoza, asilimia 81 kwa 75. Baada ya wiki moja mambo yakapinduka: waliojilazimisha kukumbuka walibaki na asilimia 56, na waliorudia kusoma wakabaki na 42. Programu yangu ilikuwa inapima zile dakika za mwanzo pekee, tena kwa maswali mepesi, kisha inanitangazia ushindi.

Na hapa ndipo tathmini hii inapokuwa ngumu kidogo, kwa sababu programu hiyohiyo imebeba dawa ya ugonjwa wake, imeificha tu. Katika wiki ya tatu, nilipokuwa nikihangaika katika mipangilio nikitafuta namna ya kuzima yale makofi, nilikuta chini kabisa, chini ya ukubwa wa herufi na rangi ya kioo, kipengele kinachoitwa “Andika unachokumbuka”, kikiwa kimezimwa. Nilikiwasha kwa udadisi tu. Kesho yake, badala ya mazoezi, ulifunguka ukurasa mtupu wenye jina la sura niliyoisoma jana na mshale unaopepesa. Hakukuwa na swali, chaguo wala saa inayohesabu. Kitabu chenyewe kilikuwa kimefungwa kwa dakika kumi ili nisichungulie.

Sijui kama nimewahi kuona aibu ya namna ile nikiwa peke yangu chumbani. Sura hiyo, ambayo nayo ilikuwa imenipa alama tisa kati ya kumi, niliiandikia sentensi tatu, na ya tatu ilikuwa marudio ya ile ya kwanza. Lakini dakika kumi zilipokwisha na kitabu kikafunguka, nilikisoma kwa njaa ambayo sikuwa nayo mwanzo, kwa kuwa sasa nilijua mashimo yalipo. Nilikuwa natafuta kitu. Baada ya siku tatu ukurasa ule ukarudi tena, halafu baada ya wiki, na kila ulipokuja nilikuwa na la kuandika zaidi, si kwa sababu nimekariri bali kwa sababu sehemu za sura zilikuwa zimeanza kushikana: hili ni kwa sababu ya lile, na lile lisingewezekana kama si hili. Huko ndiko ninakokuita kuelewa. Ng'ombe hula haraka malishoni, lakini chakula humfaa anapotulia na kucheua, na ukurasa mtupu ule ulikuwa ndio kucheua kwenyewe.

Cha kuudhi ni kwamba ukikiwasha kipengele hicho, programu inakuadhibu. Muda unaoutumia kwenye ukurasa mtupu unahesabiwa kama muda wa kusoma, hivyo wastani wa kasi yako unaporomoka. Mfululizo wa siku zako za mazoezi unakatika. Na siku moja nilipokea ujumbe wenye uso wa huzuni ukinikumbusha kwamba zamani nilikuwa mwepesi. Yaani sehemu pekee iliyonisaidia kuelewa ndiyo iliyonifanya nionekane mzembe mbele ya takwimu zao. Nimejaribu kufikiri kwa nini watu werevu wangeunda kitu namna hii, na sioni jibu jingine zaidi ya kwamba kasi huonekana vizuri kwenye mchoro unaopanda, na uelewa hauna mchoro.

Mafunzo mengine nitayapitia haraka. Somo la kuitazama orodha ya yaliyomo, dibaji na faharasa kabla ya kuanza ni zuri, na hata lile la kuugeuza kila kichwa cha habari kuwa swali ni zuri, ingawa programu inalitangaza kama uvumbuzi wake ilhali mwanasaikolojia Francis Robinson aliliweka katika mbinu yake ya hatua tano mwaka 1946. Somo la kuinyamazisha sauti ya ndani ya kichwa ningelifuta lote. Sauti ile husaidia kuishika sentensi ndefu hadi mwisho wake, na mtu anayezisoma beti za shairi kwa kimya cha ndani, asisikie vina vikigongana wala mizani ikitimia, sijui anasoma nini. Kalamu za rangi tano za kuyapaka maandishi zinapendeza, na nilipaka sura nzima ya pili ikawa kama kanga. John Dunlosky na wenzake, walipozipima mbinu kumi za kujifunzia mwaka 2013, waliiweka hiyo ya kupaka rangi pamoja na kurudia kusoma katika daraja la chini la manufaa, na katika daraja la juu wakaweka kujipima na kusambaza marudio katika siku tofauti. Uzoefu wangu haukupishana nao.

Kuhusu kusoma kwenye kioo kwa jumla, sipendi kuwa mkali kupita kiasi, kwa sababu hadithi naisoma kwenye simu bila shida yoyote. Lakini uchambuzi uliotolewa mwaka 2018 na Pablo Delgado na wenzake, uliojumuisha tafiti 54 na washiriki zaidi ya 170,000, ulionyesha kwamba katika maandishi ya maarifa karatasi ilikuwa na nafuu fulani juu ya kioo, na kwamba nafuu hiyo ilikuwa kubwa zaidi pale wasomaji walipobanwa na muda. Programu hii inaviweka pamoja vyote viwili: kioo na muda unaobana.

Katika wiki ya sita niliinunua nakala ya karatasi ya kitabu kilekile na kuirudia sura ya sita kwa njia ninayotaka kuieleza kidogo, maana ndiyo mizani niliyoipimia programu. Nilikaa na penseli na daftari la kawaida. Kabla ya kusoma niliandika juu ya ukurasa swali la dada yangu, kama alivyolisema: kimelea kilekile? Kila nilipofika mwisho wa sehemu nilifunga kitabu, kidole kikiwa ndani, nikasema kwa sauti nilichokisoma kana kwamba naye ameketi mbele yangu, na pale ulimi uliponasa nilifungua na kurudi. Pambizoni sikupiga mistari bali niliandika maneno machache ya kubishana: “kwa nini?”, “mfano uko wapi?”, na mahali pamoja, “mbona hapa anajipinga?” Hapo palinichukua dakika ishirini nzima kwenye aya moja, kwa sababu mwandishi alikuwa amesema awali kwamba uwezo wa kuihimili dawa huwamo tangu mwanzo, kisha sasa akasema kwamba vimelea vinaweza kupeana uwezo huo. Nilidhani nimemkamata. Kumbe hajipingi: kupeana huko hakufanyi dawa kuwa mwalimu, kwa kuwa anayetoa lazima awe nacho kwanza, na kazi ya dawa inabaki ileile ya kuondoa wasio nacho na kuwaachia nafasi walio nacho. Aya hiyo, kwa kasi ya maneno 500, ingekuwa imepita kwa sekunde 18. Sura yote ilinichukua saa moja na dakika arobaini, na nilipomweleza dada yangu mara hii, hakusema neno la kunisahihisha. Aliuliza tu kitabu hicho kinapatikana wapi.

Je, nampendekezea nani programu hii? Yupo mtu ambaye itamfaa, naye ni yule ambaye kazi yake ni kupitia ripoti nyingi kwa siku na kuamua zipi zinastahili kusomwa. Mafunzo ya kupekua yatamwokolea muda, mradi ajue kwamba anapekua na asije akasimama mbele ya watu kuzitetea. Mwanafunzi anayejiandaa kwa mtihani wa kuandika insha akae nayo mbali, au aiwashe na kutumia ukurasa mtupu peke yake, jambo ambalo daftari litamfanyia bila kumtumia nyuso za huzuni. Anayesoma Kiswahili akumbuke kugawanya kwa mbili, kwa makadirio yangu, kasi yoyote inayopendekezwa. Kwa upande wa ufundi sina malalamiko: haikukwama hata mara moja, inapokea matini ya aina nyingi, na haikuniwekea matangazo katikati ya sura.

Wiki ya nane ilipokwisha nilisitisha usajili. Programu ikaniuliza sababu, ikanipa majibu manne ya kuchagua, kwamba sina muda, kwamba nimepata nyingine, kwamba inachosha, au kwamba nimekwisha kufikia lengo langu la kasi, na chini yake kisanduku cha herufi 150 kwa mwenye la ziada. Niliandika kwamba “Andika unachokumbuka” iwashwe tangu siku ya kwanza na isihesabiwe katika kasi. Nilipobonyeza kutuma, ikaniambia kwamba nimetumia sekunde 94 kujibu.